Msamaria aliahidi kurudi

 

Habari ya Msamaria Mwema, iliyo katika Luka 10:25-37, wengi tunaijua tangu utotoni. Tunakumbuka mafuta na divai, na jinsi alivyompandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Lakini kuna jambo tunalipita haraka. Kesho yake alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha akaahidi kwamba gharama ikizidi ataimalizia atakaporudi. Kutoa fedha hakukumfanya aone kazi yake imekwisha. Alijua majeraha yale hayaponi kwa usiku mmoja.

Ahadi hiyo niliielewa nilipomuuguza mama yangu, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Tulitoka mkoani kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kama hujawahi kuuguza ugonjwa huu, fahamu kwamba tiba ya mionzi haiishi kwa siku moja. Mama alipangiwa siku 5 kila wiki, kwa wiki 5. Kila siku ilitaka nauli, chakula na nguvu za kupanda daladala.

Kabla hatujasafiri, kanisani kwetu tuliombewa na kuchangiwa. Wiki ya kwanza simu haikupumzika. Wiki ya pili wapigaji walipungua. Wiki ya nne, mama alipokuwa akiharisha na chakula hakipiti, simu ilikuwa kimya. Simlaumu mtu. Hata mimi nimewahi kuwaombea wagonjwa Jumapili na kuwasahau Jumatatu.

Aliyetukumbuka ni mtu tusiyemjua. Alikuwa dada mmoja Mwislamu, aliyekuwa akimleta mdogo wake kwenye matibabu. Aliona mama hagusi chakula, na kesho yake akaja na chupa ya uji wa mchele. Akaleta tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Ijumaa mdogo wake alimaliza tiba, wakatuaga. Nikajua ndiyo basi.

Jumatatu asubuhi tulimwona akija peke yake, chupa mkononi. Alikuwa amepanda daladala mbili kutoka Mbagala.

“Shikamoo mama. Si nilikwambia nitakuja?” alisema, huku akimimina uji.

Mama alilia. Ule uji ulimtia nguvu, ndiyo, lakini kilichomliza ni kwamba kuna mtu alikuwa amemkumbuka Jumamosi na Jumapili nzima. Alikuja hivyo mpaka siku ya mwisho ya mionzi. Mama sasa amepumzika, lakini hadi mwisho wa maisha yake hakulala bila kumwombea yule dada.

Mpendwa, Yesu alimchagua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakumhesabu kuwa mwenzao, awe mfano wa jirani. Nasi tuliletewa jirani kutoka nje ya kanisa letu. Ni baraka, lakini pia ni swali kwetu tunaoimba pamoja kila Jumapili.

Huenda leo kanisani kwako limetajwa jina la mgonjwa wa saratani, nawe umeitika amina. Usiishie hapo. Muulize tarehe yake ya kliniki ijayo, uiandike kwenye simu yako, na siku hiyo ikifika umpigie. Kama una nauli ya mara tatu, usimpe yote leo ukajiona umemaliza. Mpelekee mara tatu, akuone mara tatu. Kama una afya njema, changia damu, maana wagonjwa wengi wa saratani huihitaji. Hata hapo kuna kurudi: mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Na kama huna kitu, nenda ukakae naye. Wakati wa kuondoka, usimwambie “Mungu yupo” ukapotea. Mwambie siku utakayorudi, kisha urudi.

Mungu atupe moyo wa kurudi. Jumapili njema.