Ligi imekwisha, karatasi inabaki



Siku ya posho iliyopita watoto wetu wamecheza mechi yao ya mwisho. Kundi lao lilikuwa na timu 8, kila timu ikikutana na nyingine mara mbili, kwa hiyo wamecheza mechi 14. Wameshinda 6, wametoka sare 3, wameshindwa 5. Hesabu ni pointi 21, nafasi ya nne. Hakuna kombe lililoingia katika kartie yetu mwaka huu, na wale waliokuwa wamenunua kuku mapema wamekula bila sababu.

Lakini si matokeo mnayotuuliza mkitukuta sokoni ao kwenye robine. Mnauliza: "Ile habari ya miaka ya watoto iliishia wapi?" Juma hili tuijibu, maana inatuhusu sisi wazazi kuliko inavyowahusu wachezaji.

Kwanza tukumbushane jinsi mambo yanavyopangwa. Mpira wa vijana unagawanywa kwa miaka. Kwetu tunazoea kusema minime, kadeti na junior. Sababu ni ya mwili. Mtoto wa miaka 13 na kijana wa miaka 17 wanaweza kulingana kwa urefu, lakini mifupa, uzito na mbio zao havilingani. Ndiyo maana mtoto anapoandikishwa, timu inaomba hati ya kuzaliwa kabla ya kumpatia lisansi ya mchezaji. Ile karatasi inamlinda mtoto mdogo asikanyagwe na mkubwa. Inamlinda pia mkubwa asiendelee kushinda watoto na kujidanganya kwamba ni fundi.

Yetu ilikuwa timu ya wasiopita miaka 15. Mwezi wa 10, wakati wa kuandikisha, ikaonekana kwamba kijana wetu mtia magoli, yule mnayemjua wote kwa mguu wake wa kushoto, amepita mpaka kwa miezi 4. Hakuficha kitu. Mama yake alileta hati ya kweli, tarehe ikasomwa, kocha akanyamaza. Siku ile ile bwana mmoja anayezungukazunguka viwanjani akasema kazi ni ndogo: mzazi atie sahihi, yeye atatafuta hati nyingine, mwaka mmoja unashuka, kijana anacheza. Kwa lugha yao wanaita "kupunguza". Neno tamu, kama vile unapunguza chumvi katika mboga.

Jambo likaletwa katika mkutano wetu. Tuseme ukweli, halikuwa jepesi. Hapa Lubumbashi mpira si mchezo wa kupitisha saa. Mtoto bado hajaota meno, majirani wanauliza kama ni wa Mazembe ao wa Lupopo. Tuliona mwaka 2010 Mazembe ikifika fainali ya kombe la dunia la klabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mwaka 2024 dada zetu wa Mazembe wakachukua kombe la klabu bingwa za wanawake za Afrika. Mama anayeuza makala kwa rundo dogo dogo, akimwona mtoto wake anapita watu watatu na mpira mguuni, anaona nyumba ya matofali na bati jipya. Nani atamlaumu?

Mmoja wetu alisema: "Yaya, mbona tunapoteza saa? Ni miezi minne tu. Wengine wanapunguza miaka minne!" Wengi wakacheka, na wengi wakakubali. Ndipo mama wa kijana akasimama. Alisema: "Mimi nilimzaa usiku, mvua inanyesha, nakumbuka siku na saa. Leo nikiandika siku nyingine, kesho akiniuliza alizaliwa lini, nitamjibu nini?" Akaketi. Hatukupiga kura. Kijana akapelekwa kufanya mazoezi na kundi la junior, na timu ikaanza ligi bila yeye.

Na sasa tuwaambie bei ya uamuzi ule, maana wema usiokuwa na bei ni rahisi kuuhubiri. Mechi ya kwanza, mwezi wa 11, tulifungwa 4 kwa 0. Wale tuliokutana nao walikuwa na beki mwenye kidevu kilichonyolewa asubuhi ile, alama za wembe bado zinaonekana. Watoto wetu walirudi wakilia, na sisi tuliosimama pembeni na vitumbua na munkoyo tulirudi tukinung'unika. Mechi ya pili, katika tope hadi kifundo cha mguu, tulishinda 2 kwa 1. Ya tatu sare. Mvua ikaahirisha mbili, zikachezwa baadaye kwa kufuatana. Kabla ya Noeli tulikuwa nafasi ya sita, na mazungumzo ya sokoni yalikuwa makali: "Ni kichwa kigumu chenu kilichotufikisha pale."

Mechi ya 9 ndiyo iliyobadilisha sauti ya mazungumzo. Ilikuwa tena ile timu ya kidevu kilichonyolewa. Kijana wao mwenye mwili wa mtu mzima aliruka kichwa pamoja na mdogo wetu wa pembeni, mwenye miaka 13, aliyekuwa na kilo zisizofika 40. Mdogo akaanguka juu ya mkono wake. Sote tulisikia mlio. Mfupa wa mkono ulivunjika, akafungwa plasta majuma sita, na majuma yale yote mwenzake wa benchi ndiye aliyemwandikia masomo. Pesa ya matibabu ilitoka nusu kwa baba yake na nusu katika mfuko wetu wa likelemba. Wakubwa wa timu ile walikuja kumpa pole siku ya kwanza, kisha hatukuwaona tena.

Tulikaa siku ile tukafikiri jambo moja. Yule mkubwa naye ana mama. Kuna mahali mama mmoja alitia sahihi karatasi, pengine kwa upendo, pengine kwa njaa, na sahihi ile imetembea hadi katika uwanja wetu ikavunja mkono wa mtoto wa mwingine. Haikukusudiwa hivyo. Lakini ndiyo kazi inayofanya.

Sisi tunaofundisha tunaona na upande mwingine, usioonekana uwanjani. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haikai mahali pamoja. Iko katika daftari la darasa, iko katika buletini, iko katika fomu ya mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi, katika TENASOSP ya mwaka wa 8, na mwishoni katika diploma ya Serikali. Ukishusha mwaka katika karatasi ya mpira, zile nyingine zote zinabaki juu. Tumemwona kijana mmoja, aliyekwisha kumaliza masomo, akienda kuomba paspoti na hati mbili zisizopatana. Moja aliipata kwa kuzaliwa, nyingine alitengenezewa akiwa na miaka 14 ili acheze. Aliulizwa: "Kati ya hawa wawili, wewe ni nani?" Aliyemtengenezea alikuwa amehama zamani, na timu yenyewe ilikuwa imekufa. Kijana alibaki peke yake na deni la watu wazima.

Na mpira wenyewe haudanganyiki siku zote. Tangu mwaka 2009, kwa kombe la dunia la wasiopita miaka 17, FIFA inatumia mashine ya kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto anayekua una sehemu iliyo wazi. Mtu akiisha kukua, ile sehemu inafungika. Picha haiulizi hati wala sahihi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tulisikia habari ya Kameruni, ambako wachezaji 21 kati ya 30 wa timu ya taifa ya wasiopita miaka 17 waliondolewa baada ya kipimo hicho. Hebu fikirini wale vijana wakirudi nyumbani, kila jirani akijua sababu. Basi anayekuahidi kwamba karatasi iliyopunguzwa itampeleka mtoto mbali, anampeleka hadi kwenye mlango ambao mashine inasimama.

Tuzungumze sasa na wale wasiokuwa na hati yoyote, maana wako wengi, na ni hapo mdanganyifu anapopata nafasi. Sheria inasema mtoto aandikishwe katika etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mama uliyezaa juzi, usingoje ubatizo wala usingoje baba arudi kutoka machimboni. Chukua karatasi ya maternite uende kwa ofisi ya komine. Kama siku 90 zimepita, usikubali mtu akuambie kwamba njia ni kununua. Njia ni tribinali ya watoto. Inatoa hukumu, na kwa hukumu ile ofisi ya etasivili inaandika hati. Inachukua safari kadhaa na uvumilivu, lakini hati inayotoka pale inasimama mbele ya mtu yeyote. Nanyi mkumbuke kwamba kughushi hati ni kosa mbele ya sheria, na jina linaloonekana chini ya karatasi ni la mzazi, si la yule bwana wa viwanjani.

Maandikisho ya msimu ujao yatakuja tukiisha kupumzika kidogo. Tunawaomba mambo manne. La kwanza, kila mama afungue sanduku lake usiku wa leo, alinganishe hati ya kuzaliwa, buletini na lisansi ya mtoto. Majina na tarehe viwe sawa herufi kwa herufi. Kama kuna kosa la mwandishi, lisahihishwe sasa, wakati mtoto bado mdogo. La pili, mzazi asitie sahihi karatasi ya timu bila kuisoma. Asiyesoma ailete katika mkutano wetu wa siku ya nne, tutaisoma pamoja. La tatu, karatasi ya asili isiachwe mikononi mwa timu, wapewe kopi. La nne, mama mmoja wa kamati awepo kocha anapopanga orodha ya wachezaji. Kocha wetu mwenyewe ameliomba hili, maana amechoka kusukumwa na watu wasiozaa wale watoto.

Na yule kijana wa mguu wa kushoto? Katika kundi la junior alikaa benchi karibu msimu wote. Kwa wakubwa wale alikuwa mdogo, na mara ya kwanza walipomgonga alielewa kwa nini miaka inahesabiwa. Mechi za mwisho aliingizwa dakika chache chache. Hajatia goli hata moja. Siku ambazo hakuwa na mazoezi, alikuja kuwafundisha wadogo wake kupiga mpira wa adhabu, na magoli mawili ya mwezi wa 4 yalitoka katika mafundisho yale. Sasa anajiandaa kwa TENASOSP, na tarehe atakayoandika katika fomu ni ile ambayo mama yake anaikumbuka na mvua yake.

Kama angalikuwa nasi, pengine tungalikuwa wa pili, pengine wa kwanza. Wako kati yenu wanaosema hivyo hadi leo, na hatuwezi kuwaambia kwamba si kweli. Tunasema tu kwamba nafasi ya nne ni ya mwaka mmoja, na mwezi wa 11 ligi inaanza tena toka sifuri kwa wote. Tarehe ya kuzaliwa haianzi tena.

Yule mdogo wa pembeni ametolewa plasta, mkono umenyooka, na ameisha kuonekana katika avenyu akipiga mpira wa vitambaa. Mama yake anawashukuru wote waliochangia.

Juma lijalo tutaongea juu ya likizo kubwa: kazi gani tuwape watoto nyumbani, na kazi gani si za umri wao. Mbaki na amani, bamama.