Bustani ya wakati wa baridi: tazama kwanza udongo na maji



Mwezi wa sita na wa saba, hapa kwetu Katanga, asubuhi mtu anatoka nyumbani na koti mbili. Wageni wanaotoka Kinshasa hawaamini. Wanafikiri Kongo yote ni joto. Lakini sisi tunakaa juu, zaidi ya mita 1.200, na usiku baridi hushuka chini ya digrii 10. Mvua imekwisha tangu mwezi wa nne au wa tano, nyasi zimekauka, njia zimejaa vumbi. Kwenye dispanseri wagonjwa wa kikohozi wanapanga mstari kabla sijafungua mlango.

Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya mbabula. Nitasema neno moja tu: usilale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa mbaya ya makala haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ikae nje, watoto wafunikwe blanketi mbili. Basi.

Leo nataka tuzungumze juu ya bustani. Wengi wanafikiri kiangazi si wakati wa kulima, kwa sababu muhindi na mihogo vinangoja mvua. Kwa mboga ni kinyume. Baridi ndiyo wakati wake. Shu, shu ya China, karoti na vitunguu vinapenda baridi. Hata matomati, ukiyapa maji ya kutosha, hayaozi ovyo kama wakati wa mvua, maana majani yanabaki makavu. Lengalenga zinakua polepole kidogo, lakini zinakua. Bamia tu, acha mpaka joto lirudi.

Kazi yenyewe si kubwa. Tuta mbili za mita nne kila moja zinatosha kuongeza mboga katika sahani za jamaa mara kadhaa kwa juma. Funika udongo kwa nyasi kavu ili maji yasipotee. Mwagia maji asubuhi, jua likiisha kupanda, si jioni: maji ya jioni hulala juu ya majani pamoja na baridi, na katika mabonde ya chini majani huungua kama yamepitiwa na moto. Mwenye kutoka kazi ya usiku anafika nyumbani saa ile ile inayofaa. Amwagie tuta zake, ndipo alale.

Kwa nini munganga anajishughulisha na shu? Kwa sababu ya watoto ninaowapima. Ninageuza kope la chini la jicho, naona jeupe mahali palipopaswa kuwa pekundu. Damu imepungua. Namwuliza mama: mtoto amekula nini jana? Bukari. Na nini? Mchuzi wa kapenta. Na juzi? Vile vile. Kapenta si mbaya, hapana, lakini mara nyingi mtoto mdogo anapewa maji ya mchuzi tu, samaki wanabaki kwa baba. Mboga za majani zinaleta chuma na vitamini vya kutengeneza damu. Zipike muda mfupi, usizichemshe mpaka zinakuwa nyeusi. Tia mafuta kidogo na matomati, au kamulia limau, kwa maana chuma cha majani kinaingia mwilini vizuri zaidi kikiwa pamoja na matomati au limau.

Hadi hapa kila mtu atasema: vema, munganga, tumesikia. Lakini sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe ukurasa huu.

Miaka mitatu iliyopita bibi yangu na mimi tulikuwa na bustani karibu na mto mdogo, chini ya kiwanda kimoja. Kiwanda gani si kitu. Maji yalikuwa karibu, udongo mweusi, jirani zetu wote walilima pale. Lengalenga zetu zilikuwa na majani mapana kama mkono. Tulikula, na mama watoto aliuza mafungu kando ya njia. Fedha ile ililipa masomo ya mtoto wetu wa kwanza. Na mimi, mwenye kuvaa blauzi nyeupe, mwenye kufundisha akina mama habari za usafi, kila jumamosi nilichota maji ya mto ule na kuyamwaga juu ya chakula cha watoto wangu. Niliona kando ya maji ukoko wa kijani na mweupe juu ya mawe. Niliuona, nikapita.

Siku moja mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuosha madini alikuja kunitembelea bustanini. Alitazama mawe yale, akaniuliza: « Mwanangu, wewe umesoma. Unafikiri ile rangi inatoka wapi? » Sikuwa na jibu. Juma lile nilianza kuuliza na kusoma.

Haya ndiyo niliyoyapata. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto kuliko watu wakubwa. Hawa si wachimbaji tu. Ni mama, ni wanafunzi, watu ambao hawajashika sururu. Madini yanawafikia kwa vumbi na kwa chakula. Mtoto anacheza chini, anatia mkono kinywani. Mtu mzima anakula majani yaliyoota mahali pabaya.

Na kuna jambo lingine ambalo kila mama analipasa kulijua. Mwili wa mtoto aliyepungukiwa na damu hutafuta chuma kwa nguvu, na katika kutafuta huko unapokea pia risasi na kobalti kwa wingi kuliko mwili wa mtoto mwenye damu ya kutosha. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na ule uharibifu hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Basi ona: mtoto yule yule anayehitaji majani zaidi ya wote ndiye anayeumizwa zaidi na majani mabaya. Jani likiwa kubwa na la kijani si ushahidi wa kitu chochote. Lengalenga zangu zilikuwa nzuri kuliko za sokoni.

Niliing'oa bustani ile. Bibi yangu hakusema nami siku mbili, na sikumlaumu.

Wengine, wakisikia haya, wanasema: basi tuache kulima, tununue sokoni. Mimi sikubali. Mboga nyingi za sokoni nazo zinatoka mabondeni kando ya mito, na hakuna anayeandika juu ya fungu la shu limenyweshwa maji gani. Bustani ya lupango lako, ukiichunguza vizuri, inakupa kitu ambacho soko halikupi: unajua kila kopo la maji lililoingia.

Chunguza upepo kwanza. Kiangazi upepo wetu unatoka sana upande wa kusini-mashariki. Simama katika lupango, tazama upande ule. Kuna tanuru? Kuna mlima wa mabaki ya madini? Kuna njia ya malori yasiyofunikwa? Basi vumbi lake linaanguka kwako. Pale Lubumbashi tanuru la shaba liliwashwa mwaka 1911, na moshi wake ulisukumwa miaka mingi kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Hata sasa kuna sehemu kule ambapo udongo hauoti ila majani machache yanayovumilia shaba. Upepo una kumbukumbu ndefu, na udongo zaidi.

Kama udongo wako una mashaka, usipande ndani yake. Jenga tuta la juu kwa matofali au mbao, utie udongo ulioletwa kutoka mbali. Udongo wa kichuguu unafaa, na vichuguu vikubwa havikosekani Katanga, lakini kiwe kichuguu cha porini, si cha kando ya mgodi: mchwa wanachimba chini na kupandisha juu chochote walichokikuta. Changanya na samadi iliyooza. Chokaa kidogo ya kilimo inasaidia pia, kwa sababu inazuia mizizi isipokee madini kwa urahisi. Haiyaondoi. Inayazuia kwa sehemu, basi mtu asijidanganye kwamba mfuko mmoja wa chokaa umesafisha shamba la kando ya kiwanda.

Maji yawe ya robine au ya kisima kilicho mbali na mabaki ya madini. Yale ya kuoshea shu na matomati yanaweza kwenda bustanini, yanatosha kwa tuta moja.

Sasa mapipa. Hapa nitasema kwa sauti. Ninaingia katika malupango, naona pipa la buluu limejaa maji ya bustani, nauliza limetoka wapi, ninajibiwa: kazini. Pipa lililokuwa na asidi au dawa za kiwanda halioshwi likawa safi. Hata ukiliosha kwa sabuni mara kumi, halifai kwa maji ya kunywa wala ya mboga. Vilevile magunia yaliyobeba madini: usiyatumie kufunika miche isiungue na baridi, usipande vitunguu ndani yake. Tumia nyasi. Na salopeti yako ya kazi usiikung'ute karibu na tuta, wala buti usizioshee pale. Afadhali ziachwe kazini, mahali pa kubadilisha nguo, zisifike nyumbani kabisa.

Mboga ikivunwa, ioshe mara mbili kwa maji safi. Vumbi la juu litaondoka sehemu kubwa. Kile kilichopita katika mzizi hakiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Ndiyo sababu nimeanza na udongo, si na sufuria.

Kwa wakubwa wa kazi nina maombi mawili, nayo si ya gharama kubwa kwa mtu mwenye malori na mabomba. Kila kambi ipate robine moja ya bustani, hata kwa saa mbili asubuhi. Na kila mwaka, kabla baridi haijaanza, malori machache ya udongo safi yamwagwe karibu na shule, kila jamaa ije na kitoroli chake. Wazee wetu wa wakati wa Union Minière walipewa mposho wa unga. Sisi hatuombi unga, tunaomba udongo. Mfanyakazi ambaye mtoto wake ana afya hakosi kazi kila juma kwa kumpeleka hospitali, na hilo hata mwenye kuhesabu faida tu atalielewa.

Sisi sasa tuna tuta tatu nyuma ya nyumba, zimezungushiwa matofali. Shu kumi na nane, vitunguu, na kona ya karoti ambayo watoto wanaing'oa kabla ya wakati. Hatuuzi, hazitoshi kuuza. Fedha ya masomo tunaitafuta kwa njia nyingine, na ni ngumu.

Juzi nilipita tena kando ya mto ule. Lengalenga zimeota zenyewe pale tulipolima, na mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa akizivuna. Nilisimama nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza: « Munganga, nimekusikia. Na jioni ya leo nipike nini? » Nilimwambia aje nyumbani. Alitoka na shu mbili. Kesho yake sikumwona.