Mwacheni Mtoto wa Fizikia Apige Ilimba

Kuna imani iliyokita mizizi kwenye vikao vya wazazi na vyumba vya walimu, kuanzia Dodoma mjini hadi Manyoni: mtoto mwenye akili aende sayansi, na akishaingia sayansi aachane na ngoma, kuchora na maigizo. Sanaa, kwa imani hiyo, ni ya kupumzikia, au ni ya yule aliyeshindwa Fizikia. Mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu, wakati wa kuamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha, huyasikia maneno hayo kwa mzazi, kwa mwalimu na hata kwa wenzake. Hajafikisha miaka 18, na tayari ameambiwa nusu ya akili yake haina kazi.

Imani hiyo ni ya uongo. Inawaumiza zaidi watoto wa Kanda ya Kati, maana wamezaliwa katikati ya sanaa iliyosheheni sayansi.

Chukua ilimba, ala ya Wagogo. Ni sanduku la mti lenye uwazi ndani. Juu yake vimebanwa vyuma vyembamba, na mpigaji huvichezesha kwa vidole gumba. Fundi anapoirekebisha sauti ya ala hutumia sikio. Anakisukuma chuma nyuma kidogo, ncha inayotetemeka inafupika, sauti inapanda. Anakivuta mbele, sauti inashuka. Anajaribu tena na tena hadi sikio likubali. Katika ilimba kubwa, baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vimewekwa ili chuma kingine kikilia, navyo viitike vyenyewe, kwa kuwa mitetemo ya vyuma hivyo inalingana. Kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoongeza mvumo unaoitambulisha ala hiyo hata kwa mtu aliye mbali.

Hayo yote yamo kwenye mada ya mawimbi ya kidato cha nne. Urefu wa kitu kinachotetemeka na namna unavyobadili sauti, mitetemo inayoitikiana, kazi ya sanduku katika kukuza sauti: fundi wa ilimba anayajua kwa mikono. Mwanafunzi wa Chamwino hukaririshwa mambo hayohayo kwa Kiingereza, akitazama mchoro wa vifaa ambavyo pengine hajawahi kuvigusa, ilhali ala inayoyaonyesha yote ipo kijijini kwao.

Hata hesabu imo. Watafiti wa muziki wameonyesha kwamba sauti za muziki wa Wagogo hufuata mfululizo wa asili wa mitetemo, yaani mara nne, mara tano, mara sita, mara saba na kuendelea za mtetemo mmoja wa msingi. Ikiwa msingi ni mitetemo 60 kwa sekunde, sauti zinazoimbwa zitakuwa 240, 300, 360 na 420. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya ya kijiji anazitambua kwa sikio kabla hajakutana na uwiano kwenye daftari la Hisabati. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo Ulaya na kuheshimiwa huko. Darasa la Fizikia la kwao lilistahili kumwita mwalimu.

Tuje kwenye kuchora. Kutoka Dodoma, barabara ya Arusha inapita Kolo, wilayani Kondoa. Kwenye majabali ya huko kuna michoro ya kale ya watu wembamba, twiga na pofu, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwaka 1951 alifika hapo Mary Leakey kuinakili. Habari za mwanamke huyu ingefaa zisomwe kwenye kila kikao cha wazazi. Utotoni alifukuzwa shule, na hakufaulu mtihani wowote wa shule. Baba yake alikuwa mchoraji, naye alikuwa na mkono wa kuchora, na ni huo uliomfungulia mlango wa akiolojia: alianza kwa kuchora zana za mawe zilizochimbuliwa na wengine. Anayechora zana ya jiwe kwa usahihi hulazimika kuiona kweli: pigo lilianzia upande gani, kipande kipi kilibanduka kwanza, ukingo upi ulitumika. Huko ni kuchunguza, na ndiko kulikomfanya mtafiti. Mwaka 1959 aliligundua fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus huko Olduvai. Miaka ya 1970 aliongoza kazi iliyofukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Kila mwalimu wa Baiolojia anadai mchoro safi wa moyo, wa jani, wa seli, na mtihani unautolea alama. Ni shule ngapi za sekondari zinazomfundisha mtoto kuchora?

Wanaoitetea imani hii wana hoja ya kujibiwa. Muda ni mdogo, maabara hazitoshi, walimu wa Fizikia na Hisabati ni wachache, na mtihani wa Fizikia hauulizi ngoma. Lakini sanaa imesukumwa pembeni miaka mingi sasa. Kama kuisukuma pembeni ndiko kunakozaa wanasayansi, mavuno yako wapi? Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu Hisabati. Na uhaba wa maabara, ukiutazama vizuri, unatetea ilimba kuliko unavyoipinga: shule isiyo na vifaa vya sauti inaweza kumwalika fundi.

Wengine watasema wameshasikia habari za Erasto Mpemba. Ni vyema zirudiwe, kwa sababu zilianzia kwenye kazi ya mikono. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu, kazi waliyokuwa wakiifanya shuleni hapo. Katika kazi hiyo, nje ya maabara, ndipo alipoona mchanganyiko wake wa moto ukiganda kabla ya ule uliokwisha kupoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Aliuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya mwanafizikia Denis Osborne, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanafizikia wanaijadili mpaka leo.

Hapa lazima lisemwe jambo moja kwa ukali. Kuimba jedwali la elementi kwa wimbo wa kukariri kunasaidia kumbukumbu, basi. Mwanafunzi anayeimba fomula asiyoielewa bado haielewi. Sanaa inayomjenga mwanasayansi ni ile inayomlazimisha apime, ajaribu, akosee na arekebishe, kama fundi anavyofanya na chuma chake.

Na mfano wa shuleni upo. Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliasisi Tuseme, mpango wa maigizo kwa wasichana wa sekondari, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika. Wasichana walichunguza vikwazo vya masomo yao, wakavichambua, wakaviigiza, wakajadiliana na watazamaji, kisha wakapanga hatua za kuchukua. Atakayesema hiyo haifanani na utafiti hajawahi kufanya utafiti. Kitu gani kinazuia kundi la wasichana wa shule ya Msalato kuigiza hivyo habari za maji ya Makutupora, visima vinavyoinywesha Dodoma? Kumbukumbu za miaka 55 zimeonyesha kwamba maji ya ardhini ya hapo hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa mno. Kuigiza jambo hilo kunamtaka mwanafunzi aelewe maji yanavyopenya ardhini, asome grafu, na aamue nini cha kumweleza mama anayesubiri zamu ya bomba.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unahimiza umahiri kuliko kukariri, kwa hiyo mlango uko wazi. Maofisa elimu wa Dodoma na Singida wanaweza kuanza muhula ujao: mada ya mawimbi ifundishwe na mwalimu wa Fizikia akiwa na fundi wa ilimba darasani, fundi alipwe kama mtaalamu, na kazi ya wanafunzi ya kutengeneza na kupima ala ihesabiwe kwenye alama za maendeleo. Wanafunzi wa Kondoa wapelekwe Kolo wakiwa na penseli, rula na daftari la Kemia, waulize kwa nini wekundu wa oksidi ya chuma haujafutika kwenye mwamba. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo tangu 2009, na mafundi hukusanyika hapo. Walimu wa sayansi nao waende, wakiwa na orodha ya maswali.