Hata Katuni Hupimwa kwa Mizani

Walimu wenzetu, limesemwa neno katika chumba cha walimu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwishoni mwa muhula uliopita, sisi walimu wanne wa Kiswahili, marafiki wa miaka mingi, tulikutana jioni tano nyumbani kwa mmoja wetu. Tukatazama filamu tano za simba zilizotolewa na kampuni ya Disney ya Marekani, tangu The Lion King ya mwaka 1994 hadi Mufasa: The Lion King ya mwaka 2024. Kisha tukazijadili na kuzipanga, ya kwanza hadi ya tano. Habari ilipoenea, mwenzetu mmoja wa somo jingine akatucheka mbele ya watu: "Watu wazima wenye stashahada zao wanagombania katuni za watoto!" Kicheko hicho ndicho kilichotushikisha kalamu.

Twasema waziwazi kwamba kazi tuliyoifanya ni uhakiki, na uhakiki huo wamhusu mwalimu wa Kiswahili kuliko mwalimu mwingine yeyote. Filamu hizi zimechota maneno katika kisima chetu na kuyatembeza dunia nzima. Mtoto wa hapa Uganda hukua akisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Kisha huketi mbele ya televisheni akakutana na Simba, na Rafiki, na ule usemi wa hakuna matata. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Filamu hazikungoja katiba wala baraza. Mtoto anapoingia darasani kwetu tayari amebeba picha mbili: Kiswahili cha bunduki na Kiswahili cha starehe. Zote mbili ni pungufu. Ni nani atakayezitengeneza, ikiwa sisi twaona haya hata kuzitazama?

Wala hatusemi haya kwa majivuno, kwani sisi wenyewe tulikwisha kujikwaa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili alituuliza: "Mwalimu, Mufasa maana yake nini?" Tukajibu bila kusita: "Mfalme." Tulikuwa tumelisoma jambo hilo mahali fulani, limeandikwa na mgeni, nasi tukaliamini. Siku ya pili mwanafunzi yule akaja na kamusi mkononi. Neno halimo. Tukasimama mbele ya darasa tukakiri kosa. Hebu pimeni aibu hiyo: mwalimu wa lugha kufundishwa lugha yake na mtu wa mbali asiyeijua, naye akaipokea kama sadaka! Tangu siku hiyo tuliapa kwamba kila jina litapita katika mizani kabla ya kupita katika vinywa vyetu.

Basi na tuyapime. Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki. Hapo hakuna ubishi. Pumbaa ni kitenzi chetu halali, na nguruwe yule amepumbaa kweli. Sarabi, mama yake Simba, ana jina zuri lenye maana ya mazigazi, yale maji ya uongo yaonekanayo jangwani. Lakini Nala, ambaye wageni wengi hudai jina lake ni "zawadi" kwa Kiswahili, hana zawadi yoyote katika kamusi zetu. Mwenye kulilazimisha neno hilo liwe Kiswahili angepata "nala", yaani ninakula, jambo ambalo si baya kwa simba jike. Banzai, fisi wa mwaka 1994, ametoka Ujapani. Na Shenzi? Neno hili sisi watu wa bara twalijua kwa uchungu. Ndilo walilotupiwa babu zetu na waliojiona wastaarabu, kwanza wafanyabiashara waliotoka pwani, kisha wakoloni. Mwanafunzi akicheka kulisikia, mwalimu ana wajibu wa kumweleza lilikotoka.

Hapa tunageuka kuwakabili wenzetu wa upande wa pili, wale wasafi wa lugha. Hao hawatucheki, hao hukasirika. Hudai kwamba hakuna matata si Kiswahili bali ni porojo ya watalii, na kwamba filamu hizi zifungiwe nje ya shule. Twawajibu kwamba wamekosea. Matata ni neno letu, ndugu wa tatiza, tatanisha na utata. Kweli, watu wengi wa Zanzibar na wa mrima wangesema hakuna shida au hapana neno. Lakini je, ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi, ambao husema matata kila siku ya Mungu, wao si Waswahili wa kutosha? Chama chetu ni cha walimu wa nchi jirani. Tukianza kuhukumu kila neno kwa sikio la kisiwa kimoja, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kutolewa nje.

Zaidi ya hayo, wasafi hawa hawakuitazama filamu hadi mwisho. Wangeitazama wangeona kwamba filamu yenyewe inaukosoa usemi huo. Simba mchanga anapolala katika kivuli cha hakuna matata, nchi ya baba yake inakauka na mama yake ananyanyaswa na Scar. Rafiki anampiga fimbo ya kichwa, anamrudisha kwenye wajibu. Hapo ndipo hadithi ilipo. Aliyeusahau mwisho huo ni muuzaji wa fulana. Kampuni iliomba mwaka 1994 kuusajili usemi huo kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2003 ikasajiliwa huko Marekani. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kupinga mwaka 2018. Sisi pia twapinga, maana lugha ya umma haishonwi kwenye fulana ya mtu mmoja. Hata hivyo twasisitiza kwamba filamu ina akili kuliko fulana yake, na asiyeitazama hawezi kujua tofauti hiyo.

Sasa tutoe hukumu yetu, pamoja na sababu zake, maana mpango usio na sababu ni bahati nasibu tu.

Ya kwanza tumeiweka ile ya mwaka 1994. Kwa muda usiotimia saa moja na nusu inamwonyesha mtoto kifo cha mzazi bila kumficha, hatia anayobebeshwa asiye na kosa, na uzito wa kurudi nyumbani. Ile sehemu ya korongoni, mtoto anapousukuma mwili wa baba yake ili aamke, ilitunyamazisha sote wanne.

Ya pili ni The Lion King II: Simba's Pride ya mwaka 1998, na hapa ndipo tulipogombana hadi usiku wa manane. Filamu hii haikupelekwa kwenye majumba ya sinema kule kwao, iliuzwa kwa mikanda ya video, na wahakiki wengi huiweka mkiani. Sisi tunakataa. Kwanza, majina yake ni Kiswahili kitupu. Kovu ni kovu, na anabeba kovu la ugomvi wa wazee wake. Nuka ni kunuka, Vitani ni vitani, na Zira ametoka katika kuzira, yaani kususa kwa hasira. Mtu aliyeyachagua alifungua kamusi. Pili, maudhui yake. Zira anamlea Kovu kwa lengo moja tu, kulipiza kisasi. Anamrithisha mtoto chuki ambayo mtoto hakuizaa. Watu wa Maziwa Makuu wakiambiwa hadithi hiyo hawahitaji tafsiri.

Mwenzetu mmoja, ambaye utoto wake ulipitia kambini mwa wakimbizi, alitaka filamu hii iwe ya kwanza. Alisema: "Ninyi mwamlaani Zira peke yake. Mimi namuuliza Simba. Watoto aliowafukuza pamoja na mama yao walikuwa wamemwua nani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikumbuka kwamba ni Kiara, binti wa mfalme, anayesimama kati ya makundi mawili na kumwonyesha baba yake kwamba wale aliowafukuza ni watu wake. Lakini tulipinga pia kwamba michoro ni duni kuliko ya kwanza, na kwamba uhasama wa miaka unamalizwa kwa mvua moja. Kura zilikuwa tatu kwa moja. Mwenzetu hakukubali hadi leo, na pingamizi lake tunaliandika hapa kwa heshima.

Ya tatu ni Mufasa ya mwaka 2024. Yatima anapokewa na ukoo mgeni, na ndugu wawili wa kulelewa pamoja wanatenganishwa na wivu. Nchi waitafutayo inaitwa Milele, jina linalomtosha kila msafiri. Ndugu wa Mufasa anaitwa Taka. Wapo waliocheka: ni mama gani amwitaye mwanawe uchafu? Lakini taka ni kutaka pia, na mtoto huyo anaangamizwa na kutaka asichopewa. Tulimpa mtunzi faida ya shaka.

Ya nne ni The Lion King 1½ ya mwaka 2004, iliyo dhihaka tupu. Hata hivyo ina jambo ambalo aliyetucheka angepaswa kuliona. Timon na Pumbaa wameketi gizani wakiitazama hadithi ya Simba wenyewe, wakirudisha mkanda nyuma, wakibishana, mmoja akitaka hiki na mwenziwe kile. Marafiki wawili wanahakiki filamu ndani ya filamu! Ikiwa mnyama wa katuni aruhusiwa kuuliza hadithi isimuliwe kwa jicho la nani, vipi mwalimu akatazwe?

Ya mwisho ni ile ya mwaka 2019. Twajua kwamba iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na kwamba ustadi wa kompyuta uliotumika ni wa kushangaza. Lakini hadithi ni ileile ya 1994, karibu hatua kwa hatua, na nyuso za wanyama zimefanywa za kweli mno hata haziwezi kulia. Manyoya yanapepea, huzuni haionekani. Jambo moja lilitupa tabasamu: fisi wapya wameitwa Kamari na Azizi. Sababu hatukuambiwa.

Huo ndio mpango wetu. Hatudai kwamba umeshuka kutoka mbinguni. Twadai tu kwamba kila nafasi ina sababu iwezayo kupingwa, na kwamba sababu hizo zimesemwa kwa Kiswahili, kwa istilahi zilezile za wahusika, maudhui na fani tunazowafundisha wanafunzi wakati wa kusoma riwaya na tamthilia. Muhula huu tuliwapa kidato cha pili kazi hiyohiyo. Wanafunzi ambao hawakuwahi kuinua mkono walisimama kuitetea filamu yao kwa sentensi ndefu, wakisema "licha ya" na "ilhali" bila kulazimishwa. Mmoja alisema Zira ni mbaya kuliko Scar, kwa kuwa Scar aliua mtu mmoja lakini Zira aliua utoto. Hatukuwa tumemfundisha neno hilo. Wala hakulitoa kwenye fulana.

Basi, mwenzetu uliyecheka, na wewe msafi uliyekasirika, kurasa za jarida hili ziko wazi. Zitazame filamu tano, zipange upendavyo, utuletee mpango wako pamoja na sababu zake. Tukishindwa kwa hoja tutakubali, kama tulivyokubali siku ile mbele ya mwanafunzi mwenye kamusi. Tusilolikubali ni kicheko kisicho na hoja, maana hicho ndicho kilichowafanya watoto wetu waachiwe wageni wawaambie maneno yao yana maana gani.