Mashine ya mawimbi si mwarobaini wa maumivu ya kano Ukambani

MKULIMA wa Mbooni au Mutomo anayeshikwa na maumivu ya bega mwezi wa Oktoba huwa hana muda wa kujiuguza. Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo tegemeo kuu la wakazi wa Makueni na Kitui. Jembe lisipoinuka katika majuma hayo machache, ghala hukaa tupu.

Ndiyo maana habari za mashine inayotibu maumivu ya misuli na kano bila kisu wala sindano hupokewa kwa hamu kubwa. Tiba hiyo, inayojulikana kama tiba ya mawimbi ya mshtuko, hutolewa katika kliniki za kibinafsi katika miji mikubwa, na sifa zake huenea haraka kupitia simu za mkononi na midomo ya waliopata nafuu.

Hata hivyo, kabla ya familia kuuza mbuzi ili kumpeleka mgonjwa Nairobi, na kabla ya serikali za kaunti kushawishiwa kununua mashine kama hizo, ni muhimu kupima kile ambacho tiba hii inaweza kufanya na kile isichoweza.

Kwanza, mshtuko unaozungumziwa hapa si wa umeme, kama wengi wanavyodhani. Ni msukumo wa nguvu, mfano wa wimbi la sauti, unaopenyezwa mwilini kupitia kifaa kinachogusishwa kwenye ngozi. Katika aina moja ya mashine, hewa iliyoshindiliwa husukuma kipande cha chuma ndani ya mrija, nacho hugonga kichwa cha kifaa mara nyingi kwa sekunde. Aina nyingine hulenga mawimbi hayo ndani zaidi, mahali palipoumia.

Chanzo cha tiba hii ni maradhi tofauti kabisa. Mnamo Februari 1980, madaktari mjini Munich, Ujerumani, walitumia mawimbi hayo kwa mara ya kwanza kuvunja vijiwe vya figo vya mgonjwa bila kumpasua. Baadaye wataalamu walianza kuyatumia kwa mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwa kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Mwaka wa 2000, Marekani iliidhinisha mashine ya aina hiyo kwa maumivu sugu ya kisigino.

Inaaminika kuwa mawimbi hayo huamsha mwili uanze upya kazi ya kujikarabati, huchochea mishipa midogo ya damu na kupunguza hisia za maumivu. Wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu namna hasa jambo hilo linavyotendeka.

Kuhusu matokeo, ushahidi hauko sawa kwa kila kiungo. Tiba hii imewasaidia baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ya kisigino na unyayo, na wengine ambao kano za bega zimejaa chokaa. Lakini taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilisema mwaka wa 2009 kuwa ingawa tiba hii haikuonekana kuleta hatari kubwa, ushahidi wa manufaa yake kwa kisigino ulikuwa ukipingana.

Kwa maumivu ya kiwiko, uchunguzi wa kundi la kimataifa la Cochrane uliochapishwa mwaka wa 2005 uliona manufaa kidogo au kutoona kabisa. Uchunguzi mwingine wa kundi hilo uliotolewa mwaka wa 2020 kuhusu bega ulifikia hitimisho linalokaribiana na hilo.

Kwa hivyo, anayeahidiwa kuwa mashine hii itamaliza maumivu yake yote anauziwa zaidi ya kile ambacho sayansi imethibitisha.

Ili kuelewa kinachohitajika, ni lazima kutazama kinacholeta maumivu hayo. Katika kaunti hizi mbili, mwili ndio trekta na ndio gari. Wanaume kwa wanawake huchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika miinuko ya Makueni. Wanawake huchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji na kuyabeba mgongoni kwa mwendo mrefu. Vijana hupakia mchanga kwenye malori kwa sepeto, huku mafundi wa cherehani na wasusi wa vyondo wakirudia mwendo uleule wa mkono kutwa nzima.

Kano inayotumikishwa hivyo bila nafasi ya kupumua huchakaa pole pole. Tatizo huwa si uvimbe pekee, bali ni nyuzi zilizodhoofika na kupoteza mpangilio wake. Hapo ndipo dawa za kutuliza maumivu zinapofika kikomo. Humpunguzia mgonjwa uchungu siku hiyo na kumrudisha shambani, lakini haziijengi kano. Zikimezwa kwa miezi mingi bila ushauri wa daktari, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Sindano za steroidi nazo zina mtego wake. Tafiti kuhusu kiwiko zimeonyesha kuwa huleta nafuu ya haraka kwa majuma machache, lakini baada ya mwaka mmoja wengi waliodungwa huwa na hali duni kuliko wasiodungwa.

Tiba yenye msingi imara zaidi ni ile isiyong'aa wala kutangazwa: mazoezi maalum ya kuipa kano mzigo kidogo kidogo hadi ipate nguvu tena. Mfano unaojulikana ni ule uliochapishwa nchini Uswidi mwaka wa 1998 kwa kano ya nyuma ya kisigino. Mgonjwa husimama kwenye ngazi kwa ncha za miguu na kushusha visigino taratibu, mara 180 kwa siku, kwa majuma 12. Hahitaji mashine wala umeme. Jiwe bapa mlangoni linatosha.

Kinachohitajika ni mtu wa kumwonyesha namna ya kufanya, kumweleza kuwa maumivu kiasi yanaruhusiwa, na kumfuatilia asikate tamaa katika juma la tatu. Mtu huyo ni mtaalamu wa tiba ya viungo.

Hapa ndipo swali la kitabibu linapogeuka kuwa la kisiasa na la bajeti. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, hospitali za kaunti na uajiri wa wahudumu wake umekuwa mikononi mwa magavana. Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza la kusimamia taaluma ya tiba ya viungo. Hata hivyo, wataalamu hawa hutajwa kwa nadra majukwaani, ambako wanasiasa hupenda zaidi kuzindua majengo na mitambo.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 Makueni. Kitui pekee ina eneo la takriban kilomita 30,000 za mraba. Mgonjwa wa Kyuso au Ikutha akiambiwa arudi hospitali ya rufaa kila juma, nauli peke yake inaweza kumshinda.

Hesabu hiyo inagusa tiba ya mawimbi moja kwa moja. Kwa kawaida mgonjwa huhitaji vikao 3 hadi 5, kimoja kwa juma, na nafuu huweza kuchukua miezi mitatu kuonekana. Anayetoka Wote au Mwingi kwenda Nairobi mara tano atalipia safari, chakula na siku za kazi alizopoteza, mbali na ada ya kliniki. Na akirudi nyumbani kubeba mzigo uleule kwa namna ileile, maumivu huenda yakarudi pia.

Kenya imeshajifunza kwa gharama kubwa kwamba mashine bila mtu ni chuma tu. Mnamo 2015, serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali uliokadiriwa kugharimu Sh38 bilioni, ambapo kila kaunti ilitengewa hospitali mbili. Kamati maalum ya Seneti iliyochunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka wa 2020 iliukosoa vikali. Baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

Makueni na Kitui zenyewe zimewahi kuonyesha njia nyingine. Makueni ilianzisha mwaka wa 2016 mpango wa afya uliozitoza familia Sh500 kwa mwaka. Kitui nayo ilifuata na bima yake ya Sh1,000 kwa kila familia. Mafunzo ya mipango hiyo ni kwamba wananchi huenda hospitalini mapema wanapojua hawatafilisika.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Kipimo cha mfumo huo kwa mkulima wa Ukambani hakitakuwa upasuaji mkubwa pekee, bali pia kama unamfikishia huduma ya bega na kiuno kabla hajawa mlemavu.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini Septemba 2023, tayari hutembelea boma kwa boma. Wakifunzwa kutambua maumivu ya kano na kumkumbusha mgonjwa mazoezi yake, mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo ataweza kuwafikia wengi zaidi.

Haya hayamaanishi kuwa tiba ya mawimbi haina nafasi. Mgonjwa aliyefanya mazoezi ipasavyo kwa miezi kadhaa bila nafuu anaweza kufaidika nayo, chini ya mtaalamu anayeendelea kumwelekeza. Lakini haifai kutumiwa kwa mama mjamzito, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mahali penye saratani au maambukizi. Kliniki isiyouliza maswali hayo kabla ya kuwasha mashine ni ya kuepukwa.

Vilevile, maumivu yanayoandamana na homa, kukonda, ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo si ya kano tu, na yanahitaji daktari bila kuchelewa.

Kwa magavana na mabunge ya kaunti, chaguo liko wazi. Fedha zitakazotengwa zikianza na watu, mashine itakuja kuwasaidia watu hao. Zikianza na mashine, huenda ikawa pambo jingine la kupigia picha siku ya uzinduzi, huku mkulima akiendelea kununua tembe dukani.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.