Mwanaume si maksai

Huku Nyakato ukitaja vasektomi kijiweni, jibu la kwanza ni "kuhasiwa". Uongo huo. Maksai hutolewa au kupondwa korodani. Mwanaume hukatwa na kufungwa mirija miwili inayopitisha mbegu, basi. Ganzi ya pale pale, kama nusu saa hivi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Korodani zipo, hamu ipo, shahawa zinatoka kama kawaida ila hazina mbegu. Maumivu na uvimbe wa siku chache, ndiyo, utaupata. Na usijiachie mapema: mbegu zilizobaki njiani huchukua kama miezi 3 kuisha, kwa hiyo tumieni kinga mpaka vipimo viseme.

Waandishi wetu nao wamechangia. Tangu Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), mimba na kutoa mimba ni habari za mwili wa Rosa. Wanaume wanapita tu. Leo sindano, vijiti, kitanzi, vyote bado ni vya mama.

Kama una shaka hata kidogo, acha, maana kufungua tena ni upasuaji mgumu na huenda usifaulu. Lakini wewe uliyetosheka na watoto wanne, mkeo kapasuliwa mara tatu, unalinda uanaume gani?