Kulala Nje kwa Kupenda

 

Habari ya leo tuliwasomea watoto kwanza, wakacheka. Wazazi waliokuwepo wakanyamaza.

Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna nyanda za juu zinaitwa Dartmoor, kilomita za mraba 954 za majani, matope na mawe. Watu wanabeba hema ndogo mgongoni, wanatembea mpaka jioni, kisha wanalala hukohuko porini. Hakuna taa, hakuna choo, na moto hauruhusiwi kuwashwa. Asubuhi wanakunja hema, wanarudi kwao. Eti ndiyo kupumzika!

Wengine wanafuata mawe ya kale. Mahali panapoitwa Grimspound pana misingi ya nyumba 24 za duara ndani ya ukuta mmoja wa mawe. Zilijengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na wakulima na wafugaji, kabla chuma hakijajulikana kule. Mapaa yalioza zamani, lakini sehemu ya kuingilia bado inaonekana. Mawe hayo yanalindwa na sheria, kuyaharibu ni kosa.

Mtoto mmoja akauliza, "Nani aliwafukuza?" Tukamjibu kwamba wataalamu wengi wanadhani ni mvua na baridi, vilizidi mpaka shamba likakataa. Akasema, "Basi walipata muda wa kufunga mizigo."

Sasa sikieni hii. Sehemu kubwa ya Uingereza huwezi kulala kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Dartmoor ina sheria yake ya mwaka 1985: kwenye malisho ya pamoja, hata kama ardhi ina mwenyewe, watu wana haki ya kuingia kujiburudisha. Mtu na mkewe wenye ardhi huko wakaenda mahakamani wakisema kulala siyo kujiburudisha. Januari 2023 wakashinda, na watu wengi wakaandamana. Julai mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikageuza hukumu, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikamaliza maneno: kulala kwenye hema kunaruhusiwa.

Baba mmoja alitikisa kichwa. "Kesi miaka yote hiyo kwa ajili ya usiku mmoja! Na sisi kuvuka kizuizi tu ni kibali." Mama aliyekaa karibu naye hakucheka. Alisema yeye alilala kwenye mawe siku tatu, mkono juu ya mdomo wa mtoto asilie, na hata alipwe harudii. Jamani, wengi wetu tunaujua usiku huo. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawaujui, na hatujui tuwaambie kiasi gani.

Jioni ileile watoto wakapanga mawe duara nyuma ya nyumba, wakaacha nafasi ya mlango, wakaomba walale humo. Tulibishana sana: nyoka, mbu, wezi. Mwishowe yule mama ndiye aliyeleta chandarua na mkeka. Yeye mwenyewe akaweka kigoda mlangoni mwake, akakaa macho mpaka jogoo la kwanza.